Mchezo Usio na Muziki

*Mjomba kwa mpwa wake, 4 Februari*

Mpwa wangu Kiroboto,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wakiombwa maoni ya mara ya kwanza ni kungoja mpaka wapate maoni ya mara ya pili. Wanakwenda kulala, wanamwuliza jirani, wanatafuta maneno ya kisomi, kisha wanakuletea kitu kilichokwisha poa na kukiita cha kwanza. Mimi nimeshika kalamu dakika ile ile mchezo wako ulipokwisha. Hata miwani sijaifuta. Kwa hiyo utanisamehe, leo salamu zitakuja nyuma.

Ulinitumia flashi ndani ya bahasha pamoja na masharti yako: nicheze mara moja tu, nisimwulize mtu, niandike kabla jua halijazama. Nina miaka sitini na tisa. Nimesahihisha prufu za vitabu kwa miaka thelathini na minane, na kwenye kompyuta sijawahi kucheza kitu zaidi ya karata. Nilidhani utanipa bunduki. Kumbe ni chumba kimoja, mwenye chumba amekufa, na kazi yangu ni kuhamisha vitu vyake. Nikitoa kiti, kinaacha alama nne sakafuni. Nikitoa kitanda, panabaki mstatili wenye rangi iliyokolea, kwa sababu jua halikufika pale kwa miaka mingi. Dakika kumi na tano, bila neno hata moja, na mwishoni chumba kitupu kimejaa kuliko kilivyokuwa na vitu. Nilijikuta nimekikumbatia kipanya cha kompyuta kwa mikono miwili, kama mtu aliyeokota kifaranga.

Kasoro ni moja. Kabati lile halipiti kwenye mlango ule. Nimepima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta.

Sasa salamu. Mama yako hajambo kwa kiasi chake. Upande wa kushoto haujarudi tangu kiharusi, ila ulimi ni ule ule. Analala chumba cha nyuma, penye hewa. Mkunga wetu wa jirani, ambaye amestaafu kuzalisha lakini hajastaafu kusema, huja kila asubuhi kumwogesha na kunisuta mimi. Jana alisimama mlangoni akaniambia, "Mzee, ungezioa hizo karatasi tujue moja." Mimi nina utaratibu wangu: kila nikimaliza kurasa kumi na sita nainuka, naenda kumwona dada yangu, namgeuza, nampa maji, narudi. Hasumbui hata kidogo.

Usinipigie simu. Unajua sipendi kuongea na kisanduku. Andika, maana maandishi hukaa.

Mjomba wako.

*Mpwa kwa mjomba wake, 19 Februari*

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma kazini, chini ya meza, huku mteja akinieleza kwa dakika saba kwamba bomba lake linatoa hewa badala ya maji. Unajua kazi yetu: tunapokea simu za wateja wa kampuni ya maji kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Kwa siku zinafika themanini. "Asante kwa kupiga, nikusaidie nini?" Nikirudi chumbani, mlio wowote wa simu unanipanda kichwani kama msumari. Jirani zangu wamezoea kunigongea ukutani.

Kabati nimelipunguza. Ahsante, Kalamu Nyekundu. Kati ya watu thelathini waliocheza, ni wewe tu uliyelipima.

Nakutumia mchezo wa pili. Ni mfupi kuliko ule wa kwanza, lakini umenichukua miezi minane, na mara mbili niliufuta wote. Masharti ni yale yale. Unaketi mezani kushona vifungo vya mashati, kama Mama enzi zake. Mashati kumi na mawili. Mengine utayakuta humo.

Mama naongea naye karibu kila wiki, kwa hiyo usimwambie nimemwulizia. Atadhani nina wasiwasi.

Msalimie mkunga. Mwambie karatasi zilishakuoa wewe zamani.

Kiroboto.

*Mjomba kwa mpwa wake, 8 Machi*

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa posta, lakini flashi ilifika nzima. Hapa sote wazima. Nyumba inavuja pembe moja, fundi ameahidi kuja, na wewe unajua ahadi ya fundi. Nina kitabu cha jiografia mezani, mwandishi wake amehamisha mto mmoja kutoka nchi moja hadi nyingine. Mama yako anakusalimu.

Mchezo wako nimeucheza leo baada ya chakula cha mchana. Nimemaliza kwa dakika kumi na moja. Mashati yote kumi na mawili, vifungo themanini na vinne, uzi haukukatika hata mara moja. Mwishoni kioo kikaandika "Kazi imekwisha." Sikudhani ningekuwa mwepesi hivyo.

Lakini uliomba ukweli, nami sijawahi kukupa kitu kingine. Mchezo huu haukunigusa kama ule wa kwanza. Ni mzuri kwa macho, uzi unapita vizuri, ila hakuna kinachotokea. Mtu anashona, anamaliza. Kisa kiko wapi? Na ule mlango wa nyuma uliouchora upande wa kulia ni wa nini? Haufunguki wenyewe, hakuna anayetoka, hakuna anayeingia. Ningekuwa nausahihisha ningeufuta. Kitu kisicho na kazi kwenye ukurasa huiba macho ya msomaji.

Usivunjike moyo. Mtu hasuki mkeka mzuri kila siku.

Mjomba wako.

*Mpwa kwa mjomba wake, 22 Machi*

Shikamoo Mjomba,

Natumaini fundi amekuja. Huku wamepunguza wafanyakazi wawili, kwa hiyo simu za wawili hao tumegawana. Nimepata mafua, yamepita.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nikueleze jambo moja. Dada tunayekaa naye meza moja kazini, mtu mkavu ambaye hata mazishini hutafuna karanga, aliucheza mchezo huu wakati wa mapumziko. Kwenye shati la tano aliinuka akatoka nje. Aliporudi aliizima kompyuta. Aliniambia tu, "Wewe mtoto ni mbaya." Siku hiyo nilijua umekamilika.

Sasa wewe ulishona mashati yote kumi na mawili kwa dakika kumi na moja. Mjomba, hakuna mtu aliyewahi kuyamaliza.

Safari hii naondoa masharti. Cheza tena. Nimeweka hedifoni kwenye bahasha. Chomeka ule waya kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, maana nadhani spika zako zimekufa. Sauti iongeze hadi mwisho. Kisha niambie ulichosikia. Sikuelezi zaidi, nisije nikakupa majibu.

Na huo mlango, uliufungua?

Kiroboto.

*Mjomba kwa mpwa wake, 15 Aprili*

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, si kwa sababu nyingine. Fundi alikuja akaziba pembe moja, sasa inavuja nyingine. Mkunga anakohoa lakini hakomi kusema.

Ni kweli, spika zilikuwa mbovu. Nimetumia hedifoni zako na sasa naona nilikudhulumu. Ule muziki ni mtamu sana, hasa kinanda cha pale mwanzoni, na namna kinavyopanda kadiri mashati yanavyokwisha. Umebadilisha mchezo mzima. Ningesema tu kiwe cha chini kidogo mwishoni, ili mtu apumue. Mlango sikuufungua; niliona muziki unatosha.

Mama yako ametulia sana siku hizi. Zamani akinihitaji aliita, siku hizi haniiti kabisa. Mkunga anasema amewahi kuuguza watu wanaoita kutwa nzima mpaka ukuta unachoka. Dada yangu ana subira. Nikimaliza kurasa zangu kumi na sita na kuingia, namkuta ananitazama mlangoni, kana kwamba alijua dakika nitakayokuja. Nimempa saa ya ukutani, anapenda kuitazama.

Endelea na kazi. Una kipaji, nami sisemi hivyo kwa kila mtu.

Mjomba wako.

*Mpwa kwa mjomba wake, 27 Aprili*

Mjomba, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani wala za kazini.

Mchezo ule hauna muziki. Hauna kinanda wala ngoma. Mna sauti moja tu, na ni ya Mama. Nilimrekodi nilipokuja miaka miwili iliyopita, akiwa bado anatembea. Nyuma ya ule mlango anaita. Ukiinuka kumwendea, uzi unakatika na shati unalianza upya. Usipoinuka, anaita tena, kwa sauti ndogo zaidi. Watu huinuka. Wote wameinuka, wengine shati la pili, wengine la sita. Usipoinuka kabisa, mwishoni ananyamaza, nawe unamaliza mashati yako, na kioo kinakuandikia kwamba kazi imekwisha. Huo mwisho niliuweka lakini sikutegemea mtu aufikie.

Sikulaumu kwa kusema uongo. Naelewa kwa nini hupendi simu. Sasa naelewa pia kwa nini tangu zamani ulitaka watu wakae mbele yako wanapoongea, ukisema ni adabu.

Ninachokuuliza ni kimoja. Mama akiita kutoka chumba cha nyuma, nani anamsikia?

Nakuomba, Mjomba, mwambie mkunga leo. Au hamisha kitanda kije karibu na meza yako. Hasira yako nitaibeba, nina mgongo mpana.

Kiroboto.

*Mjomba kwa mpwa wake, 21 Mei*

Mpwa wangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini, karatasi ikiwa juu ya goti, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana ndiyo njia pekee ninayoijua ya kueleza jambo.

Barua yako ilinifikia tarehe tano. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya kamusi. Nilikasirika. Nilijiambia, huyu mtoto niliyemfundisha kusoma leo ananifundisha masikio yangu. Nikasema nitakujibu nikiisha poa. Kitanda sikukihamisha. Mkunga sikumwambia. Nilikuwa nikipita mbele ya ile kamusi kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Tarehe nane, saa nne asubuhi, mvua ilianza ghafla na upepo ukawa unaipeleka ndani ya chumba cha nyuma. Dirisha lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa ukurasa wa tisa. Nilikuwa na kurasa saba za kumaliza, na nilizimaliza. Nilipoingia nilimkuta dada yangu sakafuni chini ya dirisha, amelowa, nyonga imevunjika, mkono wake mzima umeshika mguu wa kiti. Alinitazama, akasema kitu. Nilimsoma mdomo. Alisema, "Umekuja mapema leo."

Sikuwa nimekuja mapema. Lakini saa ilikuwa imelowa na kusimama.

Mkunga alikuja, tukapata gari. Njiani alinigeukia na kuongea polepole, uso wake ukinitazama, kama nilivyokuja kugundua amekuwa akiongea nami siku zote. Nakuandikia maneno yake yote, maana nayastahili. "Mzee, dada yako aliacha kukuita tangu mwaka juzi. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, nikiita asiposikia, atajua hasikii, na kazi yake itamshinda kwa huzuni. Afadhali nihitaji vitu kwa saa. Akaniapisha nisiseme. Nami mjinga nikaapa."

Unaelewa, mpwa wangu? Kwa miaka miwili nilijisifu kwa utaratibu wangu wa kurasa kumi na sita. Utaratibu ulikuwa wake. Kiu yake aliifunga kwenye saa ili mimi nisiaibike. Mvua haikujua makubaliano hayo.

Hapa hospitali kuna fundi wa masikio, kijana mpole, alinifungia kwenye kijumba kidogo akanipima. Sikio la kulia limekwisha, la kushoto limebakiza robo. Amenipa kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio, cha kuazima. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni viatu vyangu mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba vina sauti.

Juzi nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Niliwasha kompyuta. Nikaketi kushona mashati yako kwa mara ya tatu.

Nilikuwa nimejiandaa, maana tangu barua yako niliamini kwamba ulitengeneza mchezo ule kunisuta mimi. Mzee mezani, dada nyuma ya mlango, mimi ni nani nisijitambue? Kwenye shati la kwanza akaita. Nilisikia sauti ya dada yangu alipokuwa mzima, sauti ambayo nilidhani naikumbuka na kumbe nilikuwa nimeisahau, nikaikumbuka yote kwa mara moja. Lakini hakuniita mimi. Alisema, "Kiroboto." Akasema tena, "Kiroboto, njoo kidogo, sina shida kubwa."

Niliinuka shati la kwanza. Nilifungua mlango. Nyuma yake hukuweka chumba. Uliweka simu tu, inaita juu ya kitanda kilichotandikwa.

Hapo ndipo nilipokuelewa, na ninakuomba radhi kwa kuchelewa miezi mitatu. Maoni yangu ya mara ya kwanza yalikuwa ya mtu kiziwi. Haya ndiyo yangu ya kweli, na ni mafupi: mchezo ni mzuri, tena ni mzuri mno. Mtu asiyetaka kupokea simu amekaa miezi minane akitengeneza njia ya kuisikia.

Simu ya mama yako anayo mkunga. Ameifungua. Jina lako limejaa ukurasa mzima na kuendelea, na kila mstari unaonyesha kwamba yeye ndiye aliyepiga, wewe hukupokea. Ulisema unaongea naye karibu kila wiki. Mama yako naye aliniambia hivyo hivyo kila wiki: "Nimeongea na mtoto, hajambo, ana kazi nyingi." Aliyatunga mazungumzo mazima. Aliniambia hata kwamba umepata mafua. Sijui alijuaje, labda alikisia kwa msimu.

Sikuandikii haya kukupiga. Mimi sina mkono wa kumpiga mtu. Sisi wawili tumemfanyia jambo moja, wewe ukiwa na masikio mazima na mimi nikiwa sina, naye amemfichia kila mmoja wetu aibu yake. Unapokea simu themanini kwa siku za watu usiowajua. Najua kwa nini ya themanini na moja ilikushinda. Ilikuwa ya mtu ambaye usingeweza kumjibu "nikusaidie nini" ukakata.

Sasa habari yenyewe. Nyonga wamesema hawataigusa. Maji yameingia mapafuni, ni nimonia. Daktari ni mama mtu mzima, hapambi maneno. Nilimwambia aongee polepole, akaongea polepole. Alisema siku, hakusema wiki. Kichwa cha mama yako kiko sawa asubuhi, mchana kinapotea, jioni kinarudi kidogo.

Ameanza kuita tena. Labda amesahau kwamba hataki kuniaibisha, au ameona kifaa kwenye sikio langu. Nimekaa hapa tangu juzi na sikuleta prufu. Jana aliita mara sita. Mbili aliniita mimi, nikainuka mara zote mbili, nikampa maji, akaniambia maji ya hospitali yana ladha ya sarafu. Mara nne alikuita wewe. Nilimwambia una kazi nyingi. Akasema, "Ndiyo, hajambo," kama nilivyozoea kuambiwa.

Mkunga amekupigia tangu jana na hukupokea. Hatukushangaa. Kwa hiyo barua hii siipeleki posta. Nampa mkononi dereva wa basi la alfajiri, mtu ninayemfahamu, kitabu cha mkwewe nilikisahihisha mimi. Ameahidi hataiacha kwa mlinzi wala kwa mtu wa mapokezi. Ataisimamia mpaka uisome, hata ukiwa na mteja masikioni. Basi lake linageuza saa nane mchana na amekuwekea kiti nyuma yake.

Usinijibu kwa barua. Usipige simu ukadhani umefika. Vua hizo hedifoni, toka na huyo dereva, upande basi la leo.

Mjomba wako.